Swichi ndogo inayoweza kulinyamazisha gitaa katikati ya wimbo

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KWAYA imeshasimama, dramu zimeshaanza, na mpiga gitaa la solo anasogeza kijiti kidogo kilicho chini ya nyuzi ili abadili sauti kabla ya kuingia kwenye kiitikio. Ghafla gitaa linanyamaza. Mmoja anaikimbilia amplifaya, mwingine anachomoa waya na kuurudisha, na wimbo unaendelea bila solo hadi mwisho.

Lawama katika hali kama hiyo huangukia amplifaya au waya. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Lakini ipo sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni swichi ndogo ya kijiti iliyofungwa kwenye gitaa na ambayo haikuwa na kosa lolote la kiwandani. Ni nzima, isipokuwa si swichi iliyotakiwa.

Swichi hizo ndogo, ambazo mafundi wa redio huzifahamu kwa kuwa hutumika pia kwenye vifaa vingine vingi vya umeme, hufanana mno kwa nje. Mbili zinaweza kuwa na ukubwa mmoja, kijiti cha aina moja na miguu sita kila moja, huku moja ikilipa gitaa sauti tatu na nyingine ikilizima kabisa kijiti kinapokuwa katikati.

Kwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam, kosa hilo hurekebishwa kwa kurudi dukani Kariakoo siku hiyo hiyo. Kwa aliyeko Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, hali ni tofauti. Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilometa 1,000, na kipuri cha gitaa mara nyingi huagizwa kwa mtu anayesafiri au kwa mzigo wa basi. Kukosea maana yake ni kusubiri tena, na kwa kanisa lenye gitaa moja la solo, kusubiri huko huhesabika kwa Jumapili.

Ndiyo maana ni vema mwenye gitaa, mwalimu wa kwaya au fundi redio ajue la kuandika kwenye karatasi ya kuagizia kabla fedha haijatumwa.

Utamaduni wa kulitunza gitaa moja kwa miaka mingi si mgeni katika ukanda huu. Mpanda imeunganishwa kwa reli na Tabora, mji uliotoa bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Katika enzi za bendi hizo, vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya mwenye bendi na si ya mwanamuziki, na gitaa lililoharibika lilitengenezwa kwa kuwa la kulibadilisha halikuwepo.

Gitaa linavyotoa sauti

Ili kuielewa swichi, sharti kwanza kueleweka kwa kifupi jinsi gitaa la umeme linavyofanya kazi.

Chini ya nyuzi za chuma kuna kifaa ambacho wanamuziki hukiita pikapu, jina ambalo hapa halihusiani na gari la mizigo. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi unapotetemeka juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya koili ya waya. Umeme huo hupita kwenye kidhibiti sauti, ukatoka kwenye tundu la jeki na kwenda kwenye amplifaya, ambayo huukuza.

Kutoka kila pikapu hutoka angalau nyaya mbili. Mmoja hubeba sauti, na mwingine huenda kwenye ethi ya gitaa, yaani sehemu ambapo nyaya zote za kurudishia umeme hukutana, kwa kawaida mgongoni mwa kidhibiti sauti.

Pikapu zipo za aina kuu mbili. Ya koili moja hutoa sauti kali na safi, lakini hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Kwa kuwa umeme wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, mvumo huo husikika kama nyuki wa mbali ndani ya spika. Taa za mirija na majenereta yaliyo karibu huuongeza.

Aina ya pili ni ya koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo unaoingia kwenye koili moja ufutwe na ule wa koili ya pili. Aina hii ilibuniwa na mhandisi Seth Lover wa kampuni ya Gibson ya Marekani katikati ya miaka ya 1950, na sauti yake ni nzito na yenye nguvu zaidi.

Kazi ya swichi ndogo ni kuamua ni koili ipi isikike, ikiwa pamoja na ipi, na kwa mpangilio gani. Haiongezi nguvu yoyote, wala haihitaji betri. Inabadilisha njia tu.

Kusoma miguu

Swichi ndogo ya kijiti hutambulika kwanza kwa miguu yake, yaani vile vipande vya chuma vinavyochomoza upande wa nyuma.

Yenye miguu mitatu katika safu moja huandikwa SPDT. Mguu wa kati ndio mlango mkuu, na kijiti huuunganisha ama na mguu wa upande mmoja au wa upande mwingine. Yenye miguu sita katika safu mbili huandikwa DPDT. Hiyo ni sawa na swichi mbili za miguu mitatu zilizowekwa bega kwa bega na kuendeshwa na kijiti kimoja, lakini zisizogusana kiumeme.

Zipo pia zenye miguu tisa na kumi na miwili. Hizo zina kazi zake, lakini kwa mahitaji ya kawaida ya gitaa, miguu mitatu au sita inatosha.

Jambo moja huwakosesha wengi. Katika swichi nyingi za aina hii, kijiti kikielekezwa juu, mguu wa kati huungana na mguu wa chini, na kikielekezwa chini, huungana na wa juu. Sababu ni kwamba kijiti huegemea ndani kama ubao wa pembea, ambapo upande mmoja ukipanda mwingine hushuka.

Maandishi yanayofanana

Baada ya miguu, kinachofuata ni maandishi yanayoeleza vituo vya kijiti. Hapa ndipo penye chanzo cha mkasa wa gitaa kunyamaza.

ON-ON ina vituo viwili. Kila kituo kinaunganisha mguu wa kati na mguu mmoja wa pembeni. Hakuna kituo cha katikati.

ON-OFF-ON ina vituo vitatu, lakini kile cha katikati hakiunganishi chochote. Miguu yote ya kati hubaki ikining'inia hewani.

ON-ON-ON nayo ina vituo vitatu, isipokuwa kituo cha katikati hufanya kazi. Safu moja huungana kuelekea juu na safu ya pili kuelekea chini, yaani mshazari. Hii ndiyo inayotumika kupata sauti tatu kutoka kwenye pikapu moja ya koili mbili.

Mbili za mwisho zikiwekwa mezani bila maandishi, jicho haliwezi kuzitofautisha. Muuzaji akiambiwa tu kwamba inatakiwa “swichi ndogo ya miguu sita, yenye vituo vitatu”, anaweza kutoa yoyote kati ya hizo na bado akawa ametimiza maagizo.

Aidha, neno ON likiandikwa ndani ya mabano, maana yake ni kwamba kijiti hakikai mahali hapo. Kina springi, na kidole kikiondoka kinarudi chenyewe. Swichi ya namna hiyo inafaa kwa kengele ya mlangoni, si kwa kuchagua sauti ya gitaa.

Kipimo kabla ya kulipa

Njia ya uhakika ni kupima. Mita ya fundi ikiwekwa kwenye sehemu inayolia pale njia ya umeme inapokamilika, kijiti kiachwe katikati, kisha mguu wa kati wa kila safu upimwe na jirani zake wawili.

Mita isipolia popote, hiyo ni ON-OFF-ON. Ikilia mara moja kwa kila safu, moja juu na nyingine chini, hiyo ni ON-ON-ON. Asiye na mita anaweza kutumia betri ya tochi, glopu yake ndogo na vipande vya waya. Glopu ikiwaka, njia ipo.

Anayeagiza kutoka mbali ni vema amwombe msafiri au muuzaji afanye kipimo hicho akiwa dukani. Kinachukua muda mfupi kuliko kufunga mzigo.

Ampea si hoja, mguso ni hoja

Kwenye ubavu wa swichi hizi huandikwa kiwango cha umeme inachoweza kubeba, kwa mfano ampea 3 kwa volti 250. Wanunuzi wengine hudhani yenye ampea nyingi ndiyo bora. Kwa gitaa, hiyo si hoja. Umeme wa pikapu kwa kawaida haufiki hata volti chache, na mkondo wake ni mdogo mno kiasi kwamba swichi yoyote ndogo inaubeba.

Kinachojali zaidi ni uso wa sehemu zinazogusana ndani. Swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme mkubwa huwa na migusano ya fedha. Fedha hufanya utando mweusi baada ya muda, na umeme mkubwa huuchoma utando huo kila swichi inapowashwa. Umeme wa gitaa hauna nguvu hiyo, hivyo utando hubaki na sauti huanza kukwaruza. Migusano iliyopakwa dhahabu, hata kama ni nyembamba, hudumu zaidi kwa kazi ya gitaa.

Vumbi la kiangazi, ambalo wakazi wa Katavi wanalifahamu vizuri, nalo huchangia. Swichi yenye mwili uliofungwa pande zote inafaa kuliko ile yenye upenyo unaoonyesha vyuma vya ndani.

Mambo mengine ya kuangalia ni umbo. Miguu iwe bapa yenye matundu ya kupitishia waya, si sindano nyembamba za kuchomeka kwenye bodi ya saketi. Tundu la kufungia swichi hizi huwa la milimita 6 hadi 6.5. Shingo yake yenye nati ni fupi, hivyo inafaa kwenye bamba la plastiki la uso wa gitaa, lakini haiwezi kupenya mbao nene mpaka mbao hiyo ipunguzwe kwa ndani. Kina cha tundu la gitaa nacho kipimwe mapema, kwani swichi ikigota chini baada ya uso kutobolewa, tundu haliwezi kuzibwa likapotea.

Kazi zinazoleta faida

Ipo kazi ya kwanza, rahisi kuliko zote, ambayo ni kunyamazisha gitaa kwa makusudi. Wakati wa sala au hotuba, mpigaji husogeza kijiti na gitaa likatulia bila kuchomoa waya. Swichi ya miguu mitatu ya ON-ON inatosha. Mguu wa kati huungwa kwenye waya wa sauti, mguu mmoja wa pembeni kwenye ethi, na wa tatu huachwa mtupu. Watu wengi hudhani njia ni kuukata waya wa sauti, lakini waya uliokatwa hugeuka kuwa antena na kuleta mvumo. Kuupeleka kwenye ethi ndiko kunakoleta ukimya wa kweli.

Kazi ya pili inahusu magitaa ya pikapu tatu yaliyoigwa kutoka Stratocaster, gitaa lililotolewa na kampuni ya Fender mwaka 1954. Mwanzoni swichi yake kuu ilikuwa na vituo vitatu. Wapigaji waligundua kwamba kijiti kikikwamishwa kati ya vituo, pikapu mbili husikika pamoja, na mwaka 1977 kampuni ikaanza kuweka swichi ya vituo vitano.

Hata hivyo, pikapu tatu zinaweza kuunganishwa kwa namna saba, si tano. Mbili zinazokosekana ni ile ya pikapu ya shingoni pamoja na ya mwishoni, na ile ya zote tatu kwa mkupuo. Swichi moja ndogo ya miguu mitatu hukamilisha hesabu. Mguu wa kati huungwa na waya wa sauti wa pikapu ya shingoni pale unapoingia kwenye swichi kuu, na mguu wa pembeni huungwa na njia ya kutokea ya swichi kuu. Kijiti kikiwashwa, pikapu ya shingoni hujiunga na chochote kilichochaguliwa.

Kazi ya tatu ni kugeuza mwelekeo wa pikapu moja ili ipingane na nyingine, jambo linaloleta sauti nyembamba, kama ya puani. Hapa hutakiwa swichi ya miguu sita ya ON-ON. Nyaya mbili za pikapu huenda kwenye miguu ya kati, waya wa sauti na ethi huenda kwenye miguu miwili ya juu, kisha miguu ya pembeni huunganishwa kwa msalaba, wa juu kushoto na wa chini kulia, wa juu kulia na wa chini kushoto.

Mfano maarufu wa kazi hiyo ni gitaa ambalo Brian May wa bendi ya Queen alianza kulitengeneza na baba yake nyumbani nchini Uingereza mwaka 1963, wakitumia miongoni mwa vitu vingine mbao ya fremu ya meko ya zamani kwa shingo yake. Gitaa hilo lina pikapu tatu na swichi ndogo sita za kuteleza, mbili kwa kila pikapu. Moja ni ya kuwasha na kuzima, nyingine ya kugeuza. Kwa miaka mingi gitaa hilo la kujitengenezea ndilo lililosindikiza sauti ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946.

Miguu sita, sauti tatu

Kazi ya nne ndiyo inayotafutwa zaidi na ndiyo yenye mtego uliotajwa mwanzoni. Ni kupata sauti tatu kutoka kwenye pikapu moja ya koili mbili.

Sharti la kwanza ni kwamba pikapu iwe na nyaya nne, mbili kwa kila koili, mbali na waya wa kinga. Pikapu yenye waya mmoja tu uliozungukwa na wavu haitafaa mpaka ifunguliwe, kazi ambayo ni hatari kwa waya wake mwembamba.

Sharti la pili ni kutoamini rangi. Katika pikapu za Seymour Duncan, waya mweusi ndio unaobeba sauti. Katika zile za DiMarzio, waya mwekundu ndio wa sauti, na mweusi ni mojawapo ya nyaya mbili za ndani. Pikapu zisizo na jina hufuata rangi za mtengenezaji wake. Mita ndiyo shahidi. Nyaya mbili zinazoonyesha ukinzani kati yao, mara nyingi karibu kiloomu 4, ni za koili moja.

Baada ya hapo, miguu ya swichi ihesabiwe kwa kalamu. Safu ya kushoto kutoka juu ni namba 1, 2 na 3. Safu ya kulia ni 4, 5 na 6.

Mwanzo wa koili ya kwanza huenda kwenye waya wa sauti. Mwisho wake huenda mguu namba 2. Mwanzo wa koili ya pili huenda mguu namba 5, na mwisho wake huenda kwenye ethi. Kipande kifupi cha waya huunganisha mguu namba 1 na namba 4. Mguu namba 3 huenda kwenye ethi, na namba 6 kwenye waya wa sauti.

Kijiti kikiwa upande unaounganisha 2 na 1 pamoja na 5 na 4, umeme wa koili ya kwanza hupita kwenye ya pili kwa mfululizo, na sauti huwa nzito kama ya kawaida. Kikiwa upande wa pili, koili zote mbili hufanya kazi sambamba, na sauti huwa nyepesi na angavu zaidi, lakini mvumo bado hufutwa.

Katikati ndipo tofauti inapojitokeza. Kwa swichi ya ON-ON-ON, koili moja tu hubaki kazini na sauti huwa kali kama ya pikapu ya koili moja, pamoja na mvumo wake. Kwa swichi ya ON-OFF-ON iliyofungwa kwa nyaya hizo hizo, mwisho wa koili ya kwanza na mwanzo wa koili ya pili vyote hubaki hewani. Hakuna njia ya umeme kurudi. Gitaa hunyamaza.

Fundi hakukosea kulehemu, nyaya hazikukatika, na amplifaya ni nzima. Herufi tatu tu kwenye karatasi ya kuagizia ndizo zilizokosewa.

Iwapo baada ya kufunga swichi sahihi sauti ya koili mbili inakuwa nyembamba na dhaifu kwenye vituo vyote viwili vya pembeni, koili zitakuwa zinapingana. Nyaya mbili za koili moja zibadilishane nafasi, na tatizo litaisha.

Kulehemu bila kuiua swichi

Swichi nyingi nzuri hufa mezani kwa fundi. Miguu yake imeshikiliwa na plastiki, na joto likizidi plastiki hulainika, mguu ukasogea na migusano ya ndani ikapinda.

Chuma cha kulehemu cha umeme cha wati 25 hadi 40 kinatosha. Kile kikubwa cha kupasha kwenye mkaa, wanachotumia mafundi bati, hakifai. Mguu na waya vipakwe lehemu kila kimoja peke yake, kisha vishikanishwe kwa sekunde mbili au tatu na kuachwa vipoe kabla ya mguu unaofuata. Lehemu iwe ya aina yenye ulimbo ndani. Dawa ya asidi inayotumiwa kwenye mabati na rejeta za magari itakula nyaya baada ya miezi.

Lehemu ya kawaida ya mafundi huwa na bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Risasi ina historia na mji huu, kwani reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini hayo, ambao ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru. Lakini risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kazi ifanyike penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Ethi si ya kupuuzwa

Swichi na nyaya za ndani ya gitaa haziwezi kumdhuru mtu. Hatari huja kutoka upande mwingine wa waya.

Katika magitaa mengi, nyuzi zimeunganishwa na ethi ya gitaa kupitia daraja la chuma ili kupunguza mvumo. Ethi hiyo, kupitia waya wa jeki, imeunganishwa na mwili wa amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na plagi yake haina ethi ya kweli, nyuzi hubeba umeme. Mpigaji akigusa maikrofoni kwa mdomo huku mkono uko kwenye nyuzi, mwili wake hukamilisha njia.

Hilo si la kufikirika. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland alifariki dunia mwezi Mei mwaka 1972 jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kupigwa na umeme alipogusa maikrofoni.

Mpanda kwa miaka mingi iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO yaliyokuwa nje ya gridi ya Taifa, na mikutano ya uwanjani katika miji na vijiji vingi bado hutumia majenereta madogo. Jenereta kuwekwa ardhini hakutoshi kulipa ethi. Aidha, kuchomeka plagi ya pini tatu kwenye kiunganishi cha pini mbili, au kuikata pini ya ethi ili ienee, ni kuiondoa kinga yenyewe.

Kipimo ni kile kile cha mita, safari hii ikiwa kwenye volti za umeme wa kawaida. Ncha moja iguse nyuzi, nyingine maikrofoni, bila vidole kugusa vyuma. Ikionyesha makumi ya volti, mitambo izimwe mpaka fundi umeme aliyesajiliwa aikague.

Hakuna swichi ya gitaa inayoweza kuondoa hatari hiyo, na fundi anayeahidi hivyo asisikilizwe.

Kwa mwenye gitaa aliyeko Mpanda, Inyonga au Karema anayejiandaa kuagiza, karatasi yake inaweza kuwa fupi. Iandikwe idadi ya miguu, maandishi kamili ya vituo, miguu bapa yenye matundu, migusano ya dhahabu iwapo inapatikana, na ombi la kupima kijiti kikiwa katikati. Ni vema pia kuagiza mbili kwa wakati mmoja. Moja itafungwa, na ya pili itakaa kwenye sanduku la gitaa ikisubiri siku ya kuhitajika.